Mizani ya Ghala Namba Tatu

Mkurugenzi anataka ukurasa mmoja kabla ya Jumatatu:
shilingi tuliyoitia kwenye afya
imerudi na wenzake wangapi?
Ndivyo alivyoandika, "wenzake",
kana kwamba tuliituma sokoni.

Nafungua daftari. Mali bila daftari
hupotea bila habari, alipenda kusema marehemu baba,
karani wa bandari miaka thelathini na mmoja,
ambaye mwenyewe alipotea bila habari.
Mapafu yake hayakuwekewa safu kwenye hesabu ya mtu.

Naanza.
Mkufunzi wa mazoezi, Ijumaa mbili kwa mwezi: elfu kumi na nane.
Mapapai na ndizi: elfu sita mia nne.
Fulana mia moja na kumi, AFYA NI MTAJI mgongoni.
Daktari wa siku moja na mashine yake ya presha.
Mizani ya kupimia watu hatukununua,
tuliwapandisha kwenye ile ya magunia.
Tsuma akasoma kilo kwa sauti, vile anavyosoma za chai,
na Mbeyu, tisini na mbili, akajibu toka juu ya bamba:
"Niandikie na daraja basi. Majani au vumbi?"
Tulicheka hadi msimamizi akatoka ofisini.

Upande wa pili.
Siku za ugonjwa, mwaka jana: mia nne na sita.
Mwaka huu: mia moja na tisa.
Tarakimu hii ataipenda, ataitilia fremu.

Lakini mimi hula mchana na watu hawa.
Naijua bahasha ya Desemba,
elfu tatu kwa asiyekosa hata siku moja.
Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Hawakufanya kazi Shimanzi.
Hapa kikohozi chenyewe hufichwa:
ndani ya leso,
nyuma ya mashine ya kuchanganyia inaponguruma,
chooni, bomba likiwa wazi.
Nyamvula amekificha chake tangu Mfunguo Tatu.
Bahasha aliipata. Alinionyesha na risiti:
nusu imeishia duka la dawa, Mwembe Tayari.

Na faida? Imepanda, asilimia kumi na moja.
Ila dola nayo imepanda, na chai huuzwa kwa dola.
Ondoa dola, zinabaki mbili,
na hizo mbili sijui ni za nani:
za viungo vilivyonyooshwa Ijumaa,
za mvua iliyonyesha vizuri Kericho,
au za wale kumi na wanne
ambao mikataba yao ilikwisha kimyakimya
baada ya daktari kupita.
Naziuliza tarakimu. Hazina mdomo.

Kuna wiki tatu ambazo sijui niziweke wapi.
Mwezi wa Mei dhoruba iling'oa mabati mawili upande wa reli,
kusi ikaingia ghalani bila kadi ya kazi,
ikabeba vumbi la chai, ikatoka nalo.
Wiki tatu nilimsikia Tsuma akimaliza sentensi.
Wiki tatu magunia mia mbili zaidi yalishonwa,
na hakuna aliyetoa senti, wala fulana.
Kisha fundi akaletwa mbio, mabati yakapigiliwa,
chai isije ikapata unyevu.

Kwa hiyo nachora safu ya saba.
Naiandika juu: MABATI.
Chini yake magunia mia mbili,
na bei ya feni ya kufyonza vumbi, laki mbili na arobaini,
niliyoiulizia mwenyewe, kwa simu yangu, kwa salio langu.
Naifuta.
Naiandika tena, kwa kalamu ya wino.

Saa kumi na mbili kasoro. Ofisi imebaki na mimi na kikokotoo.
Natazama mlango kwanza,
halafu nakohoa.